Nani Anakula Faida? Jinsi Lahajedwali Linavyoweza Kuwa Kazi ya Kufurahia

Ukitaja lahajedwali mbele ya vijana waliomaliza chuo juzi, wengi watakunja uso. Wanaona visanduku vingi, namba ndogo ndogo na macho yanayouma. "Hiyo ni kazi ya wahasibu," watakwambia. Mimi nilisomea masoko, kozi ambayo watu huihusisha na mabango, matangazo na kuongea sana. Lakini sehemu ya kazi ninayoifurahia zaidi siku hizi ni kukaa na miamala ya biashara, kuipanga na kuiuliza maswali mpaka ijibu.

Somo la leo ni la watu wawili. Wa kwanza ni wewe mwenye biashara unayepokea malipo kwa till au kwa simu, na kila mwisho wa mwezi unajiuliza pesa imeenda wapi. Wa pili ni wewe kijana uliyezunguka na bahasha ya vyeti mpaka viatu vikaisha, na hujajua kwamba kuna kazi inayokungoja kwenye duka la jirani. Mwenye biashara ana swali. Kijana anaweza kujifunza kulijibu. Hebu tuone vile mnaweza kukutana.

Lahajedwali ni nini hasa?

Ni karatasi yenye safu za kusimama na safu za kulala. Safu za kusimama huitwa kwa herufi: A, B, C. Za kulala huitwa kwa namba: 1, 2, 3. Pale zinapokutana pana kisanduku kinachoitwa seli, na kila seli ina anwani yake, kama D2. Kwa sababu ya anwani hizo, unaweza kuiambia karatasi, "Jumlisha kila kilichoko kati ya D2 na D200," nayo ikatii. Ukibadilisha namba moja, jumla inajibadilisha yenyewe.

Wazo hili lilianzia kwa mwanafunzi. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa akisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Hesabu za darasani ziliandikwa ubaoni, na namba moja ikibadilika, ilibidi nyingine nyingi zifutwe na kukokotolewa upya. Alitamani ubao unaojihesabu. Yeye na mwenzake Bob Frankston wakatengeneza programu ya VisiCalc, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979 kwa kompyuta za Apple II. Excel ya Microsoft ilifuata mwaka 1985, na Google Sheets ikaja mwaka 2006.

Hapa Kenya pesa ya simu ilianza mwaka 2007. Tangu hapo, mfanyabiashara mdogo amekuwa na kitu ambacho babu zetu wa dukani hawakuwa nacho: kumbukumbu ya kila malipo, na tarehe, na saa, bila yeye kuandika. Shida ni kwamba wengi wetu tunaipokea stetimenti, tunaangalia salio, halafu tunaifunga. Ni kama kununua gunia la mahindi ukalala njaa kwa sababu hujalifungua.

Tuchukue mfano wa hoteli ndogo

Mfano huu ni wa kujifunzia tu, lakini kama una biashara utautambua. Kuna mama mwenye hoteli karibu na steji. Anauza chai, chapati, maharagwe na ugali nyama, Jumatatu hadi Jumamosi. Ana wafanyakazi wawili, kila mmoja analipwa Ksh 600 kwa siku. Wateja wengi wanalipa kwa till, wengine keshi. Watu hawakosi, sufuria zinaisha, lakini Jumamosi jioni akihesabu anakuta Ksh 1,100 tu zimebaki.

Mama huyu ameshaanza kumwangalia vibaya kijana anayepokea keshi. Hajasema kitu, lakini moyoni ameamua: mwezi huu ukiisha, huyo kijana aende. Kwa hivyo suala hapa limepita hesabu. Kuna mtu anaweza kukosa kazi, na jina lake likachafuka mtaa mzima.

Sasa tufungue karatasi.

Hatua ya 1: Anza na swali moja

Watu wengi hukimbilia kuchora grafu za rangi kabla ya kujua wanatafuta nini. Usifanye hivyo. Andika swali juu kabisa ya karatasi, kwa lugha ya kawaida: "Faida ya wiki hii iko wapi?" Swali zuri ni lile ambalo jibu lake litamfanya mtu abadilishe kitu. "Tuliuza ngapi?" halitoshi. "Ni siku gani tunafanya kazi ya bure?" hilo ni swali.

Hatua ya 2: Panga miamala

Tengeneza safu tano tu:

A – Tarehe
B – Kundi (Mauzo, Chakula, Makaa, Mishahara, Kodi, Maji, Nyumbani)
C – Maelezo
D – Kuingia
E – Kutoka

Kila muamala mstari wake. Malipo ya till yatoe kwenye stetimenti, na ya keshi kwenye daftari la kaunta. Usichanganye vitu viwili kwenye seli moja, kama "nyama na mkaa 2,300." Ukichanganya leo, kesho hutaweza kutenganisha.

Siku moja moja, mauzo ya hoteli yetu yako hivi:

Jumatatu: till 6,200, keshi 2,300
Jumanne: till 5,900, keshi 2,100
Jumatano: till 6,400, keshi 2,600
Alhamisi: till 6,100, keshi 2,400
Ijumaa: till 7,300, keshi 3,200
Jumamosi: till 3,100, keshi 1,400

Hatua ya 3: Safisha

Hii ndiyo kazi ambayo hakuna anayeisifu, na ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi. Angalia mambo matatu.

Kwanza, namba ziwe namba kweli. Ukiandika "6200 bob" kwenye seli, karatasi inaona maneno. Ukijumlisha, itaruka hiyo seli bila kukwambia, na jumla yako itakuwa ndogo kuliko ukweli. Dalili ni rahisi: kwa kawaida namba halisi hulala upande wa kulia wa seli, maandishi hulala kushoto.

Pili, kundi moja liwe na jina moja. "Makaa," "makaa ya moto" na "mkaa" kwako ni kitu kimoja, kwa karatasi ni vitu vitatu.

Tatu, tafuta miamala iliyoingia mara mbili. Kila muamala wa simu una kodi yake ya kumbukumbu isiyorudiwa. Ukiona kodi moja mara mbili, na maelezo na kiasi ni vile vile, mstari mmoja ni wa kufuta.

Hatua ya 4: Uliza

Sasa andika kwenye seli tupu:

=SUM(D2:D200)

Jibu ni 49,000. Till ilileta 35,000, keshi 14,000.

Halafu matumizi. Ili kupata kundi moja peke yake, tumia SUMIF. Kwa mfano:

=SUMIF(B2:B200,"Chakula",E2:E200)

Maana yake: angalia safu B, popote palipoandikwa Chakula, nenda safu E ukajumlishe. Ukirudia kwa kila kundi, unapata hivi: chakula 27,600, makaa 4,200, mishahara 7,200, fungu la kodi ya wiki 2,500, maji 900. Jumla ni 42,400.

49,000 toa 42,400 ni 6,600. Hiyo ndiyo faida iliyopaswa kuwepo. Mama ana 1,100. Kuna pengo la Ksh 5,500.

Hapa ndipo mtu mwenye haraka husema, "Si nilijua! Ni yule kijana." Lakini bado kuna kundi moja hatujaliuliza:

=SUMIF(B2:B200,"Nyumbani",E2:E200)

Jibu: 5,500. Senti kwa senti.

Ukichuja mistari ya kundi hilo, unaona pesa iliyotoka till kwenda kwenye laini ya mama mwenyewe wiki nzima. Chama 2,000. Pesa aliyotumia wazazi 1,500. Tokeni za stima za nyumbani 1,000. Unga wa nyumbani 600. Kredo na bando 400. Hakuna hata shilingi moja iliyoibwa. Kila moja ilitoka kwa sababu nzuri, ila ilitoka kidogo kidogo, kwa siku tofauti, na hakuna aliyeihesabu kama mshahara wa mwenye hoteli. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza.

Tusiishie hapo. Kumbuka swali la pili: ni siku gani tunafanya kazi ya bure? Kwenye safu F, andika =WEEKDAY(A2) halafu uivute hadi chini. Hii huipa kila siku namba yake: Jumapili ni 1, Jumamosi ni 7. Mauzo ya Jumamosi ni:

=SUMIF(F2:F200,7,D2:D200)

Jibu ni 4,500. Na matumizi ya Jumamosi, bila kuhesabu ya nyumbani:

=SUMIFS(E2:E200,F2:F200,7,B2:B200,"<>Nyumbani")

Alama <> maana yake ni "isiyokuwa." Jibu ni 5,450: chakula 3,400, mishahara 1,200, makaa 700, maji 150. Kodi haimo kwa sababu ililipwa siku nyingine. Kwa hivyo kila Jumamosi mama anaamka alfajiri, anapika, anasimama siku nzima, na anapoteza Ksh 950. Maofisi yakifungwa steji inapoa, lakini yeye anapika karibu kama siku za kazi.

Hatua ya 5: Sema ulichoona, usitoe hukumu

Sasa una jibu mkononi. Namna utakavyolitoa ni muhimu kama hesabu yenyewe. Usimwambie mtu mzima, "Ni wewe unayekula pesa ya biashara." Kaa naye, mpe simu au laptopu aone mwenyewe. "Mama, hebu tuangalie hii mistari pamoja. Hii ya Jumanne ilikuwa ya nini?" Ataitaja yeye. Ya tatu ikifika, atakuwa ameshaelewa.

Halafu leta njia, si moja. Kwa upande wa pengo: ajilipe kiasi maalum kila wiki, akitoe mara moja, na kiandikwe kama mshahara wake. Kwa upande wa Jumamosi: anaweza kufunga, lakini wafanyakazi wawili watakosa Ksh 600 kila mmoja. Au afungue na mfanyakazi mmoja, wakipokezana wiki kwa wiki, na apunguze chakula hadi 2,400. Hapo matumizi yatakuwa 3,850, na mauzo yasiposhuka chini ya 4,500, atabaki na 650. Ajaribu Jumamosi nne, tuhesabu tena. Wiki moja haitoshi kuamua. Huenda ilinyesha, au mwezi ulikuwa kona.

Namba hazitoi amri. Zinaweka mambo mezani ili mwenye biashara aamue akiwa anaona. Na yule kijana wa kaunta? Kesho atafika kazini kama kawaida, na hatajua kamwe kwamba mistari michache ndiyo iliyomtetea.

Raha iko wapi sasa?

Watu huniuliza, "Hiyo kazi haikuchoshi?" Inachosha wakati mwingine, hasa kusafisha. Lakini ina raha tatu ambazo kazi nyingi hazina.

Raha ya kwanza ni ya kitendawili. Unaanza hujui, unashuku kitu kimoja, unauliza, jibu linakukatalia, unauliza tena. Ile dakika namba mbili ulizozitafuta mbali mbali zinapolingana, 5,500 na 5,500, unaweza kupiga meza.

Raha ya pili ni ya haki. Kwenye biashara ndogo, maamuzi mengi hufanywa kwa kukisia, na wanaoumia ni wale wasio na sauti. Hesabu safi inampa kila mtu nafasi ya kusikilizwa.

Raha ya tatu ni ya kuona mabadiliko. Ukitengeneza bango zuri, huwezi kujua mara moja kama limesaidia. Lakini ukimsaidia mtu kuacha kupoteza 950 kila Jumamosi, wiki ijayo mnaona pamoja.

Kosa dogo, hasara kubwa

Usidhani mambo ya seli ni ya vibanda peke yake. Mwaka 2010 wanauchumi wawili maarufu, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa utafiti kuhusu madeni ya nchi, uliotajwa sana na wanasiasa waliotaka serikali zibane matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipata faili yao ya Excel na kuichunguza. Akakuta fomula ya wastani iliishia mstari wa 44 badala ya 49, hivyo nchi tano zikaachwa nje. Pamoja na masuala mengine ya namna data ilivyochaguliwa na kupimwa, wastani wa ukuaji wa nchi zenye madeni makubwa ulibadilika kutoka hasi 0.1 hadi chanya 2.2 kwa mia. Mwanafunzi aliwasahihisha maprofesa kwa kukagua faili yao.

Na mwaka 2020, Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye hesabu kwa siku kadhaa, na waliokuwa karibu nao wakachelewa kutafutwa. Faili za aina ya zamani ya Excel hubeba mistari 65,536 tu. Data ikazidi, iliyobaki ikakatwa kimya kimya. Aina mpya hubeba mistari 1,048,576.

Funzo ni moja: kagua fomula yako inaanzia wapi na kuishia wapi, na hesabu mistari kabla na baada ya kuhamisha data.

Kuifanya iwe kazi

Huhitaji laptopu ya bei ghali. Google Sheets ni ya bure ukiwa na akaunti ya Google, na inafanya kazi kwenye simu. LibreOffice Calc pia ni ya bure kwa kompyuta. Mpango wa serikali wa Ajira Digital nao hufundisha ujuzi wa kidijitali kwa vijana.

Jifunze kwa mpangilio huu: SUM, kisha kuchuja na kupanga, kisha SUMIF na COUNTIF, kisha jedwali la pivoti, ambalo hukujumlishia makundi yote kwa mpigo bila kuandika fomula. Ukijua haya manne vizuri, unaweza kujibu maswali mengi ya biashara ndogo. Mengine utajifunza kazi ikidai.

Halafu tafuta biashara tatu unazozijua: ya shangazi, ya jirani, ya mtu wa kanisa au msikiti wenu. Ya kwanza fanya kama mafunzo. Ya pili na ya tatu, kubalianeni malipo kabla hujaanza, hata kama ni madogo. Kwenye kila moja andika ukurasa mmoja: swali lilikuwa nini, ulikuta nini, kilibadilika nini. Ukienda mahojiano, kurasa hizo tatu zitaongea kuliko kuandika kwenye wasifu kwamba "unajua Excel." Kila mtu huandika hivyo.

Linda data ya watu

Stetimenti inaweza kuwa na majina na namba za simu za wateja. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, hizo ni taarifa binafsi na hazifai kuzagaa. Kama wewe ni mwenye biashara, tengeneza nakala, futa safu ya majina na namba, ndiyo umpe anayekusaidia. Kama wewe ndiye unayesaidia, usizihifadhi baada ya kazi kuisha, na usionyeshe kurasa zako kwa mtu mwingine bila ruhusa ya mwenye biashara.

Na hili halina mjadala: hakuna mtu anayehitaji PIN yako ili kuchambua miamala. Stetimenti unaipakua wewe, kwa simu yako. Anayeomba PIN, hata kama anajua pivoti zote za dunia, muonyeshe mlango.

Zoezi la wiki hii

Pakua stetimenti yako ya siku 30. Iweke kwenye safu tano tulizotaja. Kabla ya kufanya hesabu yoyote, andika kwenye karatasi unadhani umetumia kiasi gani kwa mambo ya nyumbani. Kisha weka SUMIF, ulinganishe.

Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo kazi yako ya kwanza.